Mbao Isiyo Mbao

Kila Jumamosi asubuhi, Kawira alipiga magoti. Si kanisani. Kanisani alipiga magoti Jumapili, kama watu wengine wa Muthara. Jumamosi alipiga magoti katika chumba cha mama mkwe wake, akiwa na kitambaa mkononi na mkebe wa polishi kando yake.

Alianzia chini ya dirisha. Alichota polishi, akaipaka, akaisugua. Akarudi nyuma kidogo, akapaka tena. Alipofika mlangoni, jasho lilikuwa linamtiririka. Lakini sakafu iling'aa. Ungeweza kuhesabu meno yako ndani yake.

"Sasa hapo ni sawa," alijiambia.

Kawira alikuwa mwanamke wa kazi. Majirani walimtania kwamba hata kuku wake hupangusa miguu kabla ya kuingia ndani. Alicheka tu, lakini moyoni alifurahi. Nyumba yao haikuwa kubwa. Mumewe, Marete, aliijenga polepole kwa miaka minne. Sebule na baraza vilikuwa na sakafu ya simiti nyekundu. Jikoni, kile kijumba cha nje chenye mafiga, sakafu ilikuwa ya udongo. Na chumba cha mama mkwe kilikuwa na kitu kipya kabisa. Kilikuwa na mkeka wa mbao.

Mama mkwe huyo aliitwa Ntinyari. Alikuwa amekula chumvi nyingi. Aliishi peke yake shambani, mbali na barabara. Mwaka huo aliugua numonia, na alipopona, miguu yake haikuwa na nguvu kama zamani.

"Mama atakuja kukaa na sisi," Marete alisema.

"Aje hata leo," Kawira akajibu.

Hakusema hivyo kwa mdomo tu. Kawira alifiwa na mama yake akiwa bado msichana. Ntinyari alimpokea kama binti aliyemzaa mwenyewe. Tangu siku ya harusi, wawili hao hawakuwahi kukosana.

Marete aliogopa kwamba simiti ingekuwa baridi kwa miguu ya mama yake. Akaenda dukani. "Chukua hii mkeka wa mbao," muuzaji alimwambia. "Iko na joto kuliko simiti, na inapendeza." Marete akaja nao begani, umekunjwa kama gunia refu. Wakautandika. Ulikuwa na rangi ya mti, na mistari ya mti, hata na yale mafundo ya mahali tawi lilipotoka.

Kawira alipouona alitabasamu. Mbao alizijua vizuri! Alizaliwa Timau, kule kwenye baridi, katika nyumba ya mbao tupu. Kuta zilikuwa za mbao na sakafu pia. Mama yake alimfundisha kazi ya sakafu kabla ya kumfundisha kupika. "Mbao ni kama ngozi ya mtu," mama alimwambia. "Usipoipaka mafuta, inapasuka." Kwa hiyo Kawira hakuhitaji kumwuliza mtu. Mbao ni mbao. Alienda sokoni akanunua mkebe mkubwa wa polishi ya mbao.

Hapo ndipo kosa lilipoingia, na liliingia kwa mlango wa mapenzi.

Wiki ya kwanza, Ntinyari alitembea vizuri. Asubuhi alichukua fimbo yake, akatoka kuota jua barazani. Alichagua maharagwe. Aligombana na kuku. Alimwuliza kila aliyepita njiani ametoka wapi na anaenda wapi.

Wiki ya pili, alianza kushika ukuta. Wiki ya tatu, aliomba chakula kiletwe kitandani. Wiki ya tano hakutoka tena, ila kwenda choo. Na hapo alimshika Kawira mkono kwa nguvu, kama mtu anayevuka mto uliojaa.

Kawira aliingiwa na wasiwasi. Alimpikia supu ya kuku. Alimpikia mukimo laini wa viazi na mahindi ya kupondwa. Alifua mapazia. Akaona haitoshi, akaanza kupaka polishi mara mbili kwa wiki, Jumatano na Jumamosi, ili mama akae mahali pazuri. Lakini Ntinyari alizidi kunyamaza.

Marete alifanya kazi ya ujenzi katika mji wa Maua, na alikuwa nyumbani mwisho wa wiki tu. Jumapili moja baada ya kanisa, mama yake alimwita.

"Marete, nirudishe kwangu."

Marete alishtuka. "Kwako? Kule nani atakusaidia, Mama?"

"Mungu yuko."

"Kuna mtu amekukosea hapa?"

"Hakuna. Hapa ni pazuri sana. Lakini nirudishe."

Marete alijaribu kumbembeleza. Mama alitikisa kichwa tu. Mwishowe Marete akasema, "Sawa, Mama. Jumapili ijayo nitatafuta gari." Kawira aliyasikia yote akiwa sebuleni. Alitoka akaenda jikoni, akajifanya anapuliza moto. Marete alipomfuata, alimkuta na macho mekundu.

"Ni moshi," Kawira alisema.

"Moto haujawaka, Mama Mwenda," Marete alimjibu kwa upole, akimwita kwa jina la mtoto wao aliyekuwa shule ya bweni.

Basi Kawira akalia waziwazi. "Amenichoka. Sijui nimemfanyia nini. Na akienda kule peke yake, akaanguka, nani atamwinua?"

"Ni uzee tu," alisema Marete.

"Si uzee. Ni mimi."

Jumatano, Kawira alikuwa akianika nguo aliposikia kishindo. Alitupa shuka chini, akakimbia. Ntinyari alikuwa ameketi sakafuni kando ya kitanda, mguu mmoja umekunjika chini yake. Fimbo yake ilikuwa imeteleza hadi ukutani.

"Mama!"

"Usipige kelele, mwari," Ntinyari alisema. Katika Kimeru, mwari ni binti. "Ni kizunguzungu tu."

Jirani mwenye gari aliwapeleka kwenye zahanati. Muuguzi alimpima Ntinyari kwa makini. Alimgusa nyonga, akamwambia anyanyue mguu, akamsimamisha.

"Hakuna mfupa umevunjika," alisema. "Mshukuru Mungu. Lakini mtu wa umri huu akivunjika nyonga, kusimama tena ni kazi ngumu. Wengine hawasimami. Asianguke mara ya pili. Mkirudi nyumbani, angalieni ni nini kilimwangusha."

Kawira aliitikia. Lakini alikuwa amesikia neno kizunguzungu, na akili yake ikabaki huko. Hakutazama chini. Walipofika nyumbani alimketisha mama sebuleni, akampa chai. Kisha, ili mgonjwa arudi mahali safi, alichukua mkebe wake. Akapiga magoti. Akapaka polishi tena.

Alhamisi, Lenah alikuja kumwona mgonjwa. Lenah alikaa nyumba ya tatu kutoka hapo. Alikuwa msimamizi wa usafi katika hoteli moja kubwa mjini Meru, na kazi hiyo alikuwa ameifanya kwa miaka kumi na miwili. Wiki hiyo alikuwa likizoni. Alibeba ndizi. Alivua viatu mlangoni, kama mgeni mwenye adabu, akaingia na soksi.

"Hodi, Mama! Nimesikia kwamba…"

Hakumaliza. Mguu wa kushoto ulienda zake. Wa kulia ukaufuata. Lenah alishika mlango kwa mikono miwili, na ndizi zikaruka hadi kitandani. Ntinyari alicheka. Ilikuwa mara ya kwanza kucheka kwa wiki mbili. Kisha akajiziba mdomo kwa leso.

"Mwathani wakwa!" Lenah alimwita Bwana wake. "Mama Mwenda! Hapa umemwaga nini?"

Kawira alikuja mbio. "Sijamwaga kitu. Pole, dada. Ni polishi tu."

"Polishi ya nini?"

"Ya mbao."

"Na mbao iko wapi?"

Kawira alimtazama kama mtu anayetazama mlevi. "Si hiyo umekanyaga?"

Lenah alichuchumaa polepole, bado ameshika mlango. Alitafuta ukingo wa mkeka karibu na ukuta. Akauinua. Akaukunja mara moja, akaukunja mara ya pili, kama chapati.

"Umewahi kuona mbao ikikunjwa hivi?"

Kawira aliinama kuutazama.

"Hii ni plastiki," Lenah alisema. "Mbao ni picha tu. Imechapishwa juu."

"Lakini inaitwa mkeka wa mbao! Hata mwenye duka alisema hivyo!"

"Ni jina tu. Ua la plastiki pia linaitwa ua. Sasa utalimwagilia maji?" Lenah alikwaruza sakafu kwa ukucha. Ukucha ulitoka na uchafu wa manjano, mzito kama nta. "Sikiliza, dada yangu. Mbao ya ukweli inakunywa polishi, kwa sababu iko na matundu madogo madogo. Plastiki hainywi kitu. Polishi inabaki juu. Leo unaweka, wiki ijayo unaongeza. Hii sakafu sasa ni kama sufuria yenye mafuta. Hata mimi nikiwa na miguu mizima nimeshindwa. Mtu wa fimbo ataweza?"

Kawira aliketi ukingoni mwa kitanda, kando ya ndizi. Sasa alielewa maneno ya muuguzi. Alikumbuka ukuta ulioshikwa, chakula cha kitandani, mkono uliobanwa. Aligeuka akamtazama mama mkwe wake.

"Mama, ulijua?"

Ntinyari alitazama dirishani. "Nilijua."

"Tangu lini?"

"Tangu Jumamosi ya pili."

"Na hukusema!"

Mama mzee alivuta leso yake mabegani. "Ningesemaje, mwari? Kila Jumamosi nakuona umepiga magoti kwa sababu yangu. Nimezaa watoto sita. Hakuna hata mmoja amewahi kunipigia magoti. Sasa mimi niseme magoti yako ni mabaya? Nikaona afadhali niende kwangu, unipende nikiwa mbali."

Kawira alilia, na katikati ya kilio akaanza kucheka. "Mama, kwa hivyo ni afadhali uvunjike mguu kuliko kuniambia nimekosea?"

"Mguu ni wangu," alisema Ntinyari.

"Na mimi ni nani wako?"

Ntinyari alinyoosha mkono, akampangusa machozi kwa ncha ya leso. Lenah aliokota ndizi kitandani, akaziweka dirishani.

"Mficha maradhi, kifo humuumbua," alisema. "Mmekosa nyote wawili. Lakini machozi hayatoi polishi. Mama, twende barazani ukae. Mama Mwenda, leta maji ya uvuguvugu."

Walimshika Ntinyari huku na huku, wakampeleka barazani. Kawira alirudi na ndoo ya maji. Alikuwa pia amebeba waya ya kusugulia sufuria, chupa ya mafuta taa, na chupa ya dawa ya kung'arisha nguo nyeupe. Lenah alivitazama vitu hivyo.

"Unaenda vitani?" aliuliza. "Rudisha waya, itakwaruza picha yote. Rudisha mafuta taa, yanaharibu plastiki, na siku moja yatakuchomea nyumba. Na hiyo dawa ya nguo, si ya polishi. Tena usiwahi kuichanganya na dawa ya choo. Zikikutana zinatoa hewa ya sumu. Mtu anaweza kuzimia akiwa anasafisha."

"Sasa tutatumia nini?"

"Sabuni ya kuoshea vyombo. Kijiko kimoja kwa ndoo. Na sponji laini."

Kwanza walifagia mchanga wote. Kisha Lenah alijaribu maji yake nyuma ya kitanda, mahali pasipoonekana, kuhakikisha kwamba rangi haitoki. Haikutoka. Basi wakaanza kazi. Waliosha sehemu ndogo kama meza, wakaacha maji ya sabuni yakae kidogo, wakasugua, wakapangusa. Wakarudia kwa maji safi. Wakakausha kwa tambara. Ndipo wakahamia sehemu nyingine. Maji ya ndoo yaligeuka manjano, kisha kahawia. Waliyabadilisha mara tano.

"Usimwage maji mengi," Lenah alionya. "Yanaingia chini. Ona."

Aliinua tena ule ukingo. Simiti ya chini ilikuwa na unyevu, na ukungu mweusi ulikuwa umeanza. Kawira alikunja pua. Ile harufu alikuwa ameisikia kwa wiki nzima, na alidhani ni ya viatu vya Marete.

"Ni ya maji unayopigia deki," Lenah alisema. "Leo na kesho Mama alale sebuleni. Tuinue mkeka, tusugue huo ukungu, tufungue dirisha, pakauke vizuri. Kisha tuurudishe na tubandike kingo zote kwa gundi. Ukingo ukijikunja, mguu wa mzee unanaswa."

Wakafanya hivyo. Kutwa nzima ya Ijumaa, upepo ulipita chumbani. Jumamosi asubuhi wakautandika tena mkeka, wakabandika kingo. Lenah akavaa soksi zake, akatembea kutoka dirishani hadi mlangoni. Hakuteleza. Akaenda mara ya pili kwa haraka. Hakuteleza.

"Haing'ai kama zamani," Kawira alisema kwa huzuni kidogo.

"Si vyote ving'aavyo ni dhahabu. Sakafu safi ni ile haina uchafu, si ile unaona meno. Hata vigae vya hoteli yetu hatupaki polishi. Tunafagia, tunapiga deki, tunakausha, basi. Hapa kwako fagia kila siku kwa ufagio laini. Hii vumbi yetu nyekundu ni kama msasa, inakula hiyo picha. Halafu tambara lenye unyevu, umelikamua vizuri. Maji yakimwagika, pangusa saa hiyo hiyo."

"Na sebule yangu? Simiti nyekundu?"

"Hiyo ni sawa, simiti inakunywa. Lakini paka polishi nyembamba, sakafu ikiwa kavu. Ngoja. Kisha piga brashi mpaka kidole kisitoke na rangi. Na njia anayopita Mama, kutoka chumbani mpaka nje, usipake kabisa."

Kawira aliutazama mkebe wake. Ulikuwa umebaki nusu. "Na hii ya mbao nitaipeleka wapi?"

"Timau!" Lenah alicheka. "Kwa watu wenye mbao!"

Jumapili, baada ya kanisa, Marete alienda kuchukua gari kwa rafiki yake, kama alivyoahidi. Mkewe alikuwa amemweleza habari ya mkeka tangu Jumamosi jioni. Lakini mama mwenyewe hakuwa amesema neno juu ya safari, na Marete aliona ahadi ni ahadi. Aliegesha gari, akaingia chumbani kwa mama.

Kitanda kilikuwa kitupu.

Alitazama sebuleni. Hakuna mtu. Alitazama barazani. Kiti kilikuwa kitupu. Ndipo akasikia sauti kutoka jikoni, sauti kali ambayo hakuwa ameisikia tangu akiwa mtoto.

"Hapana! Hapana, mwari! Hayo maji ni mengi. Unataka kukandika sakafu au kupika uji?"

Marete alichungulia mlangoni. Mama yake alikuwa ameketi juu ya kigoda, fimbo imelala mapajani. Kawira alikuwa amechuchumaa mbele yake. Mikono yake ilikuwa imejaa udongo, majivu na samadi ya ng'ombe hadi kwenye viwiko.

"Mkono uende upande mmoja," Ntinyari aliendelea. "Jaza kwanza hilo shimo, likauke, ndipo ukandike juu. Shimo ukiliacha likiwa dogo, kesho ni kaburi la kuku. Na asubuhi, kabla ya kufagia, nyunyiza maji kidogo. Usinitimulie vumbi kwenye chakula."

"Ndiyo, Mama."

"Mama," alisema Marete. "Umefikaje huku? Nani amekuleta?"

"Miguu."

"Peke yako?"

"Ulitaka ninunue mingine?"

Marete alimtazama Kawira. Kawira alitikisa kichwa. Ni kweli, hakumsaidia. Alisikia tu fimbo ikija kutoka chumbani, ikapita sebuleni, ikashuka baraza, bila kusimama hata mara moja.

"Gari iko nje, Mama," Marete alisema polepole. "Uko tayari?"

"Tayari kwenda wapi?"

"Kwako."

Ntinyari aliitazama sakafu ya jikoni, pembe moja baada ya nyingine. "Nimwache huyu na mashimo hivi? Huyu hajui udongo. Amezaliwa juu ya mbao. Rudisha gari la watu."

Kawira aliinamisha uso. Hakutaka waone machozi, na mikono yake ilikuwa michafu, hangeweza kuyapangusa.

"Lakini nikikaa," Ntinyari alisema, "nitakuwa nasema. Sitanyamaza tena."

"Sema, Mama," alijibu Kawira. "Sema yote."

"Basi nianze leo. Chai yako ina sukari nyingi sana."

Kawira aliinua uso. "Tangu lini?"

"Tangu harusi."

Marete alianza kucheka, akashika mlango. Harusi yao ilikuwa na miaka kumi na saba. Kawira naye akacheka mpaka akaketi juu ya udongo mbichi aliokandika, na kazi ikabidi ianze upya. Jioni hiyo alipika chai, akaweka sukari mezani, kila mtu ajitilie. Ntinyari alikuja mezani kwa miguu yake mwenyewe, akatia kijiko kimoja, akakoroga.